Kwa Nini Besi Hubadilika Kila Ukumbi: Amplifaya, Maboksi ya Spika na Kuta

Gitaa ni lilelile, amplifaya ni ileile, vitufe viko palepale vilipokuwa jana, na bado besi inatoka tofauti. Katika ukumbi mmoja noti ya F inanguruma hadi vioo vinatetemeka, huku G iliyo jirani yake ikisikika kwa shida. Katika ukumbi mwingine noti zinaingiliana, hujui moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Nje uwanjani sauti nzito yote inaonekana kutoweka.

Wengi hulaumu amplifaya, kisha hununua iliyo kubwa zaidi. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa sababu tatizo halikuwa uchache wa nguvu. Noti za chini za besi zina mawimbi marefu kuliko vyumba vingi zinamopigwa, na hilo ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya kinachotokea. Amplifaya na boksi la spika vina kazi yao na vina makosa yao, lakini anayeelewa ukumbi atapata sauti nzuri kwa vifaa vya kawaida, na asiyeuelewa atahangaika hata akiwa na vifaa vya bei mbaya.

Urefu wa noti

Uzi wa E wa besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetema mara 41.2 kwa sekunde, yaani hezi 41.2. A ni hezi 55, D ni 73.4 na G ni 98. Besi ya nyuzi tano huongeza B ya chini yenye hezi 30.9. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde. Gawanya mwendo huo kwa masafa ya noti na utapata urefu wa wimbi lake: E ina mita 8.3, A mita 6.2, G mita 3.5, na ile B ya chini mita 11.1. Sauti kali za matoazi, kwa upande mwingine, zina mawimbi ya sentimita chache tu.

Wimbi la sentimita chache hutoka mbele ya spika kama mwanga wa tochi, likigonga pazia au nguo za watu huishia humo. Wimbi la mita nane halielekezeki hivyo. Huzunguka boksi na kuenea pande zote, hugonga kuta, sakafu na dari, na kuta zikiwa za zege au matofali hurudi likiwa na karibu nguvu yake yote. Kwa hiyo msikilizaji hasikii boksi peke yake. Anasikia boksi pamoja na marudio mengi yaliyochelewa kidogo. Yakikutana yakiwa yanasukuma pamoja, noti hukua. Yakikutana moja likisukuma na jingine likivuta, noti hufa.

Hata hivyo E ya hezi 41.2 haitoki kwenye uzi peke yake. Hufuatana na hezi 82.4, 123.6, 164.8 na kuendelea juu, zile ziitwazo hamoniki. Kwenye gitaa la besi hamoniki ya pili mara nyingi ina nguvu kuliko noti ya msingi yenyewe. Ubongo ukisikia 82, 124 na 165 kwa pamoja, huitambua E hata kama hezi 41 haipo kabisa, na ndiyo maana mstari wa besi hutambulika hata kwenye spika ndogo ya simu. Mtu anayepigania hezi 40 kwa nguvu zote anapigania sehemu ndogo ya sauti yake. Uzito tunaouhisi kifuani uko zaidi kati ya hezi 60 na 120, mwili wa noti uko hadi kama 250, na uwezo wa kuitofautisha noti moja na nyingine ndani ya bendi uko kati ya hezi 500 na 1,000.

Mfano mzuri ni Ampeg SVT ya mwaka 1969, amplifaya ya valvu, yaani mirija ya kioo ya zamani, yenye wati 300 iliyotengenezwa kwa ajili ya majukwaa makubwa na kuunganishwa na maboksi yenye spika nane za inchi 10. Maboksi hayo yamezibwa kabisa, na sauti yake huanza kushuka chini ya takriban hezi 60. Kwa maneno mengine, yanatoa E ya msingi kwa udhaifu. Na bado yamekuwa kipimo cha sauti kubwa ya besi kwa zaidi ya miaka hamsini, kwa sababu yana nguvu pale ambapo besi inaishi hasa.

Wati hazimaanishi unachofikiri

Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Tofauti hiyo inasikika, lakini si kubwa. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka wati 300 kwenda 500 unapata desibeli 2.2. Mtu anayebadilisha amplifaya ya 300 kwa ya 500 akitarajia kuishinda ngoma ya bendi atasikitika.

Angalia badala yake namba inayoandikwa nyuma ya boksi au kwenye karatasi yake: usikivu wa spika, yaani desibeli ngapi hutoka kwa wati 1 ukipima kwa umbali wa mita 1. Boksi la desibeli 100 likipewa wati 250 hufikia kiwango kilekile cha boksi la desibeli 97 lililopewa wati 500. Ukiongeza boksi la pili linalofanana na la kwanza na kuliweka karibu yake, unapata desibeli 3 kwa sababu spika zinasukuma hewa pamoja, na nyingine karibu 3 iwapo amplifaya inatoa wati zaidi kwa mzigo huo mpya. Boksi la pili karibu kila mara lina faida kuliko amplifaya kubwa.

Wati hazikosi kazi. Pigo la kidole au kofi la gumba hupanda ghafla mara nyingi juu ya wastani wa sauti, na amplifaya isiyo na akiba hulikata kilele. Ya valvu hukata kwa ulaini, sauti hunenepa na kujikaza, na mtu huiona kubwa kuliko wati zake. Ya transista, pamoja na zile nyepesi za daraja D zilizo kila mahali siku hizi, hukata kwa ukali, isipokuwa mtengenezaji ameweka kizuizi cha kuilainisha. Imani kwamba amplifaya ndogo huua spika haielezi jambo lenyewe. Amplifaya iliyopelekwa hadi mwisho na kukatwa vilele inaweza kutoa hadi karibu mara mbili ya wati zilizoandikwa juu yake, na joto hilo ndilo linalochoma koili, ule waya uliozungushwa unaosukuma koni ya spika (sehemu inayotikisika mbele).

Kitufe cha besi ndicho kinachokula wati bila mtu kujua. Ongezeko la desibeli 12 kwenye hezi 40 linadai nguvu mara 16 kwa masafa hayo. Ukiwa unatumia wati 30 kwa utulivu, ghafla unaomba 480. Spika nayo inateseka zaidi: kwa kiwango kilekile cha sauti, kila ukishuka oktavu moja, yaani masafa yakiwa nusu, koni hulazimika kusogea umbali mara nne zaidi. Boksi linaweza kuandikwa wati 500 kwa maana ya joto ambalo koili inaweza kuvumilia, huku koni ikifika ukingoni mwa mwendo wake kwa chini ya nusu ya wati hizo kwenye noti za chini kabisa. Ukisikia sauti ya kugonga, kavu, kila unapopiga E kwa nguvu, hiyo ni koili inayogonga chuma cha nyuma. Punguza hapohapo.

Omu, waya na viunganishi

Hapa ndipo vifaa huungua kwa uzembe. Omu ni kipimo cha ukinzani wa boksi kwa umeme. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba, kama ilivyo karibu daima, huwa omu 4. Mawili ya omu 4 huwa omu 2. La 8 na la 4 pamoja huwa omu 2.67, na la omu 4 hula wati mara mbili ya mwenzake, hivyo usishangae likizidiwa la kwanza. Amplifaya ya transista ina kiwango cha chini kabisa cha omu kilichoandikwa nyuma. Ukishuka chini yake hupata joto, hujizima au hufa. Ukiwa juu yake hakuna madhara, unapoteza wati kiasi tu: ile inayotoa 500 kwa omu 4 kwa kawaida hutoa kati ya 250 na 300 kwa omu 8.

Ya valvu ina sheria nyingine. Swichi au tundu la nyuma lazima lilingane na omu za boksi, na haipaswi kamwe kuwashwa na kupigwa bila boksi kuunganishwa. Bila mzigo, volti za transfoma ya kutolea hupanda kupita kiasi na kuiharibu, au kuharibu soketi za valvu.

Huna uhakika boksi lina omu ngapi? Weka multimita kwenye waya wake. Boksi la omu 8 husoma takriban 6, la omu 4 takriban 3 na kitu, kwa sababu mita hupima ukinzani wa koili ikiwa imetulia. Ikisoma sifuri kuna shoti. Isiposoma chochote, koili imekatika au waya umelegea ndani.

Waya wa gitaa na waya wa spika hufanana kwa nje pale vichwa vyao vikiwa vya jeki, na kuvibadilishana ni kosa la kila siku. Wa gitaa una uzi mwembamba ndani na kinga ya kuzuia mivumo. Ukiupitishia wati mia kadhaa hupata joto na unaweza kuyeyuka na kuleta shoti. Wa spika una nyuzi mbili nene, milimita za mraba 1.5 hadi 2.5, bila kinga. Kichwa cha Speakon, kile cha kusokota hadi kinase, ni bora kuliko jeki kwa sababu hakichomoki na hakigusanishi chanya na hasi wakati wa kuchomeka. Amplifaya nyingi za daraja D zina umeme kwenye pande zote mbili za tundu la spika, hivyo upande wa hasi usiguse kamwe chuma cha kifaa kingine, na usichukue sauti hapo kwenda kwenye miksa kwa njia yoyote isiyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Boksi lenyewe

Kuna mambo matatu ambayo boksi haliwezi kuyatoa yote kwa pamoja: kuwa dogo, kufika chini sana, na kutoa sauti kubwa kwa wati chache. Chagua mawili, la tatu utalilipa. Boksi jepesi la spika mbili za inchi 10 linalofika hezi 40 litahitaji wati nyingi. Linalotoa sauti kubwa kwa wati chache litaanza kufifia mapema chini. Sumaku za neodimiamu zimepunguza uzito wa kubeba, lakini hazijabadilisha hesabu hii.

Boksi lenye tundu la hewa hutumia hewa iliyo ndani ya tundu kama spika ya pili karibu na masafa fulani, mara nyingi kati ya hezi 40 na 60. Hapo linapata nguvu zaidi bila koni kusogea sana. Tatizo liko chini ya masafa hayo: hewa ya ndani haizuii tena koni, nayo huyumba mbele na nyuma bila kutoa sauti ya maana. Mpiga besi wa nyuzi tano mwenye boksi dogo la tundu anapaswa kuwa na kichujio kinachokata chini ya hezi 35 au 40. Ni kifaa kidogo, amplifaya kadhaa za kisasa zinacho ndani tayari, na tofauti yake ni kwamba boksi linapata pumzi ya kutoa noti zile zinazosikika. Boksi lililozibwa hushuka taratibu zaidi na koni yake hushikiliwa na hewa ya ndani hadi chini kabisa. Noti zake hukoma haraka, jambo linalofaa sana kwenye ukumbi wenye mwangwi.

Ubishi wa inchi 10 dhidi ya inchi 15 umepitwa na wakati kwa kiasi kikubwa. Kinachoamua kufika chini ni eneo lote la koni, mwendo wake na ujazo wa boksi. Spika nne za inchi 10 zina eneo kubwa kuliko moja ya 15. Ukubwa wa spika unaamua zaidi jinsi sauti za kati zinavyoenea. Kadiri koni inavyokuwa pana ndivyo sauti za juu ya hezi elfu moja hivi zinavyojikusanya katikati, na spika mbili zilizolala ubavu kwa ubavu huzibana zaidi kwa upande. Zikisimamishwa moja juu ya nyingine, watu wa kushoto na kulia hupata sauti inayokaribiana. Boksi la spika mbili likisimama wima pia hupeleka ile ya juu karibu na masikio ya mpigaji.

Jambo hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Mpigaji akisimama mita moja mbele ya boksi lililo sakafuni, sauti zake za kati zinapita magotini. Anasikia ukungu, anaongeza sauti kali, anaongeza tena, na mtu aliyekaa mita nane mbele anapata mlio wa chuma wa nyuzi. Inua boksi au liinamishe kuelekea kichwani, ndipo uamue kuhusu ekwalaiza, vile vitufe vya kupandisha na kushusha masafa.

Ukiunganisha maboksi mawili na besi ikapungua badala ya kuongezeka, moja lina chanya na hasi zilizobadilishana ndani au kwenye waya. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha upande wa chanya kwenye chanya ya waya wa boksi na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu, huku ukitazama koni. Zote zinapaswa kuruka mbele. Linaloruka nyuma ndilo lenye kosa.

Ukumbi unafanya nini

Chukua chumba cha mita 8 kwa 5 chenye dari la mita 3. Kati ya kuta mbili zinazotazamana, wimbi ambalo nusu yake inalingana na umbali wa kuta hujirudia juu ya nafsi yake na kusimama. Gawanya 343 kwa umbali huo mara mbili: urefu wa mita 8 unatoa hezi 21.4, na vizidishio vyake 42.9, 64.3, 85.8. Upana wa mita 5 unatoa 34.3, 68.6 na 103. Dari linatoa 57 na 114. Sasa linganisha na shingo ya gitaa: 42.9 iko karibu kabisa na F ya freti ya kwanza kwenye uzi wa E, na 68.6 iko karibu na C-sharp ya freti ya nne kwenye uzi wa A. Noti hizo zitavimba katika chumba hicho, kwa mpigaji yeyote na kwa amplifaya yoyote.

Lakini zitavimba kwa nani? Wimbi lililosimama lina sehemu za kishindo na sehemu za ukimya. Ukutani na pembeni daima kuna kishindo. Ile hezi 42.9 ina ukimya mita 2 kutoka kila ukuta wa mwisho, na kishindo tena katikati. Mtu aliyesimama mita 2 kutoka ukuta wa nyuma anakosa F, aliyeegemea ukuta anaipata mara mbili. Ndiyo maana watu wawili katika ukumbi mmoja wanaweza kulalamika kinyume kabisa kuhusu besi na wote wawili wakawa wakweli.

Vyumba vya mraba, au vile ambavyo urefu ni mara mbili ya upana, ni vibaya zaidi kwa sababu masafa ya pande tofauti huangukia noti zilezile. Katika ukumbi mkubwa mawimbi haya ni mengi na yamekaribiana, hivyo hakuna noti moja inayojitenga. Shida yake ni nyingine, mwangwi mrefu. Kuta za zege hushikilia sauti za chini muda mrefu. Kuta na dari za mbao nyembamba zenye uwazi nyuma hutikisika na kuzinyonya, hivyo ukumbi wa mbao unaweza kuonekana hauna besi.

Mahali pa boksi panabadilisha mambo sawa na chumba chenyewe. Kila uso mgumu ulio karibu nalo, sakafu, ukuta wa nyuma, ukuta wa pembeni, unaweza kuongeza noti za chini hadi desibeli 6. Kwenye kona unapata nyuso zote tatu, na wakati huohuo unaamsha mawimbi yote yaliyosimama ya chumba kwa nguvu yake kamili. Boksi la kona ni kubwa, na ni lenye vurugu.

Ukuta huohuo unaweza pia kupunguza. Sauti inayoenda nyuma hugonga ukuta na kurudi; umbali wa koni hadi ukuta ukiwa robo ya wimbi, inarudi imegeuka na kufuta ile ya mbele. Gawanya 343 kwa umbali huo mara nne. Koni ikiwa mita 1 kutoka ukutani shimo liko kwenye hezi 86, mita 1.2, hezi 71, mita 1.5, hezi 57. Huo ni moyo wa sauti ya besi, na kwa bahati mbaya ndio umbali ambao wengi huweka boksi ili kuacha nafasi ya kupita nyuma. Hakuna kitufe kitakachojaza shimo hilo, kwa sababu ukiongeza masafa yale, unaongeza kinachotoka na kinachokifuta kwa kiwango kimoja. Ama lisogeze boksi nyuma hadi sentimita 10 au 15 za ukuta, ukiacha pumzi kama tundu lake liko nyuma, ili shimo lipande hadi karibu hezi 150 au zaidi kutegemea kina cha boksi. Ama livute mbele zaidi ya mita 2 ili lishuke chini ya hezi 43.

Jukwaa la mbao lenye uwazi chini ni ngoma. Hupokea mtikisiko, huupigia noti zake lenyewe, na huurudisha kwenye nyuzi za gitaa hadi noti zinaendelea kulia baada ya kuachwa. Weka boksi juu ya povu nene au kreti imara. Povu halitazuia sauti kwenda hewani. Linazuia mbao kutikiswa moja kwa moja.

Povu la ukutani la sentimita 5 halifanyi chochote cha maana chini ya takriban hezi 250, na trei za mayai hazifikii hata hapo. Robo ya wimbi la E ni mita 2.1. Chumba kilichofunikwa povu jembamba kinakuwa kibaya kwa besi kuliko kilivyokuwa, kwa sababu mng'ao wa juu umenyonywa na mngurumo umebaki peke yake.

Watu wanaoingia ukumbini wananyonya sauti za kati na za juu, za chini kidogo sana. Sauti iliyopangwa ukumbi ukiwa mtupu huwa na ukungu ukijaa. Acha sauti za kati zizidi kidogo wakati wa majaribio. Nje hakuna kuta za kukusaidia. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, hivyo kutoka mita 2 hadi 16 umepoteza 18. Huko usijaribu kuwafikia watu kwa amplifaya ya jukwaani.

Ukifika mahali

Anza na boksi kabla ya vitufe. Kata shauri kati ya karibu na ukuta au mbali nao, epuka kona isipokuwa boksi ni dogo na ukumbi ni mkavu. Rudisha ekwalaiza yote katikati. Panga geini, kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia, hadi taa ya kukata vilele iwake kidogo kwa pigo la nguvu zaidi kuliko utakavyopiga, kisha ishushe kidogo. Ndipo upandishe masta, kitufe cha sauti inayotoka.

Piga noti zote moja baada ya nyingine, kutoka E wazi hadi oktavu mbili juu, kwa nguvu moja. Mtu mwingine apige, wewe tembea ukiweza. Andika noti zinazoruka na zinazozama. Kisha sogeza boksi sentimita 30 na urudie. Mara nyingi hatua hiyo ndogo huondoa nusu ya tatizo. Ukisikia mtetemeko wa ajabu, shikilia noti inayouleta huku ukibonyeza kwa mkono vishikio, wavu, skrubu za spika na hata waya wa ngoma ndogo jirani.

Kilichobaki ndicho cha ekwalaiza, na kazi yake ni kupunguza. Noti iliyovimba, tafuta masafa yake kwa kitufe cha kati kinachoweza kusogezwa, punguza desibeli 4 hadi 6 kwa upana mdogo. Ukungu wa jumla uko mara nyingi kati ya hezi 200 na 300. Ukipotea ndani ya bendi, ongeza kidogo kati ya 500 na 800 kabla ya kugusa masta. Ile sura ya besi juu, kati chini, kali juu inayopendeza ukiwa peke yako nyumbani ndiyo inayokufanya usisikike. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa. Kwa vipimo vya kisasa, sauti ikiwa ndogo, hezi 40 inahitaji karibu desibeli 40 zaidi ya hezi 1,000 ili zisikike sawa, kwa sauti kubwa tofauti hiyo hushuka hadi karibu 25. Mpangilio uliofanywa kwa upole utanguruma ukipandishwa, kwa hiyo panga sauti kwa kiwango kilekile utakachopigia.

Pale mitambo ya ukumbi inapobeba besi

Ukumbi wenye sabufa zake hauhitaji amplifaya yako iwafikie watu. Inakuhudumia wewe na mpiga ngoma. Peleka sauti kwa miksa kupitia kisanduku cha DI, kifaa kidogo kinachoiandaa sauti ya gitaa kwa ajili ya miksa, na kama tundu la amplifaya lina swichi ya kabla au baada ya ekwalaiza, chagua kabla. Vinginevyo kila unapotibu jukwaa unaharibu kazi ya fundi sauti. Mvumo wa hezi 50 au 60 ukitokea, tumia swichi ya kisanduku inayokata njia ya ardhi kwenye waya wa sauti. Usikate wala kung'oa pini ya ardhi kwenye plagi ya umeme. Inapotokea hitilafu, nyuzi za gitaa na kipaza sauti cha mwimbaji ndivyo vinavyobeba umeme huo kupitia mwili.

Boksi la jukwaani likiwa mita 3 nyuma ya sabufa, sauti yake inachelewa karibu milisekunde 9. Mbele ya jukwaa, pale zote mbili zinapokuwa na nguvu zinazokaribiana, hezi 57 hivi hufutika, karibu na A wazi. Mwambie fundi sauti abonyeze swichi ya kugeuza chanya na hasi ya njia ya besi kwenye miksa huku ukipiga A na A-sharp mfululizo, naye asimame mita chache mbele ya jukwaa. Upande wenye uzito zaidi ndio unaobaki. Akiwa na uwezo wa kuchelewesha sabufa milisekunde hizo 9, ni bora zaidi, kwa kuwa ngoma kubwa inayopigwa nyuma kule nayo itaanguka mahali pake. Asipokuwa nao, shusha masta ya jukwaani hadi sabufa zizidi kwa desibeli 10 hivi pale watu waliposimama; kwa tofauti hiyo kufutana kunabaki kudogo.